Kitanda cha Langoni

Yako maneno yasemwayo mjini Morogoro, na bila shaka katika miji mingine, kwamba mlinzi ni mtu anayelipwa kwa kulala. Wenye magari huyasema wanapopiga honi ya tatu mbele ya lango lililochelewa kufunguliwa. Wenye mali huyasema siku ya mishahara. Na, kwa aibu yetu, wasomi huyasema pia, kwa kicheko, wanapoingia chuoni na kutoka. Makala haya yanakusudia kuyapinga maneno hayo. Nadai kinyume chake: kwamba mlinzi anayewekwa kuishi mahali pa lindo lake halipwi kwa kulala, bali halali, wala hilo halilipwi, na kwamba kile kinachoitwa hisani ya makazi ndicho chombo ambacho kwacho usiku wake hutwaliwa pasipo malipo.

Sisemi kwa kusikia. Katika miezi iliyopita baina ya mtihani wangu wa kidato cha sita na kuingia kwangu chuoni nilikuwa bawabu. Niliajiriwa katika yadi ya malori ya mafuta pembezoni mwa barabara kuu, si mbali na Msamvu, pale ambapo njia ya Dodoma na njia ya Iringa huagana. Jina la mwenye yadi halina faida katika hoja hii, maana aliyonitenda hakuyabuni yeye. Aliyakuta yakitendwa na wengi. Mafuta si mgeni Morogoro. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968 ili kuipatia Zambia mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam, lapita katika mkoa huu. Na juu ya ardhi malori ya matangi hupita usiku na mchana yakielekea nchi jirani. Kila mahali yanapolala pana ua, na kila ua una lango, na kila lango lina mtu.

Siku ya kwanza nilipewa koti zito, viatu vilivyonizidi mguu, kirungu, filimbi, tochi na daftari. Mlinzi mzee, Mluguru wa Kinole, alinifundisha kazi kwa muda wa siku tatu, na katika siku hizo tatu nilijifunza mambo nisiyoyadhania. “Mwanangu,” aliniambia, “dereva akikuambia gari ni tupu, usimtazame uso, tazama tairi.” Lori lililoshiba hulaza tairi zake, na lori tupu huzisimamisha, hapana dereva awezaye kuyabadili hayo kwa maneno. Alinifundisha kusoma lakiri iliyofungwa penye mdomo wa tangi na kuilinganisha na namba iliyo katika hati, na kuitilia shaka lakiri iliyo safi kuliko tangi lenyewe. Alinifundisha kunusa. Harufu ya dizeli, alisema, ni desturi ya yadi. Harufu ya petroli ni habari. Watu wasemao kwamba ulinzi ni kazi isiyo na ujuzi hawakupata kukaa na mzee yule.

Baada ya hayo nilionyeshwa makazi. Lilikuwa kontena la chuma, lililowahi kubeba shehena melini, likakatwa mlango mmoja na dirisha moja, likawekwa hatua saba kutoka lango. Mwenzangu wa zamu alilala katika kichwa cha lori kilichokwisha kufa, nyuma ya usukani usiogeuka kokote. Mchana kontena lilikuwa tanuri. Usiku, upepo uliposhuka kutoka kilele cha Lupanga, lilikuwa jiwe. Nilishukuru, nakiri. Sikuwa na kodi ya chumba, na msimamizi aliniambia kwa upole ya kuwa nina bahati, maana wengine hupanga vyumba Kihonda na kutembea usiku.

Ilinichukua majuma mawili kufahamu kwamba makazi yale yalikosa kitu kimoja ambacho nyumba ya maskini kuliko wote katika milima ya Uluguru inacho, nacho ni mafiga. Moto ulikatazwa ndani ya ua, na ulikatazwa kwa haki, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini pasipo kuonekana mpaka ukutane na mwali. Basi hatukupika. Tulikula chakula cha mama ntilie nje ya ukuta, na masika yalipomzuia mama ntilie kuja, tulikula mkate mkavu. Mahali ambapo mtu hawezi kukoka moto, wala kukaribisha mgeni, wala kufunga mlango akajua ya kuwa hatagongewa, si nyumba. Ni lindo lililotandikwa godoro.

Zamu yangu ilianza saa 12 asubuhi ikaisha saa 12 jioni, siku 6 kwa juma. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa nilipotia sahihi. Lakini kanuni ya yadi ilitaka watu wawili kila lori lipitapo: mmoja ashike lango, mwingine alizunguke gari kwa tochi. Usiku mlinzi wa zamu alikuwa mmoja. Je, wa pili alikuwa nani? Alikuwa yule aliyelala hatua saba kutoka lango. Mwenzangu alipiga ubavu wa kontena kwa kirungu, na kishindo chake ndani ya chuma kilikuwa kama radi. Naye mchana, alipokuwa amejilaza katika kichwa cha lori, nilimtenda vivyo hivyo. Nakumbuka usiku mmoja wa mwezi wa nne nilioamshwa saa 5, saa 8 na saa 10. Na saa 12 nikaingia lindo langu kama mtu aliyepumzika. Katika daftari la magari malori yale matatu yaliandikwa yote, kwa namba zake na saa zake. Katika daftari la mahudhurio mimi sikuandikwa.

Siku moja mjomba wangu alishuka kutoka Mgeta kuuza viazi na kabichi sokoni, akapita kunijulia hali. Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kusalimiwa barabarani: ukoo hufuatwa kwa mama, naye ndiye mwenye neno juu yetu. Lakini wageni walikatazwa kuingia. Nikamwamkia “Shikamoo, mjomba” yeye akiwa nje na mimi ndani, nondo za lango zikiwa katikati yetu, kama mtu aliyekwenda kumtazama mfungwa. Aliniuliza nala nini na nalala wapi, nikamwonyesha. Kisha akaniuliza, “Mpwa wangu, kazi yako huisha saa ngapi?” Nilifungua kinywa nimjibu saa 12 jioni, nikaona ya kuwa nitakuwa nimemdanganya mzee. Nikatafuta saa nyingine, nisiipate. Mjomba hakuuliza tena. Aliniachia viazi ambavyo sikuwa na moto wa kuvichemshia, akaenda zake.

Hayo ndiyo yaliyonipata, nami sikuyaeleza ili nihurumiwe, kwa kuwa mimi nilitoka. Miezi yangu ilikuwa michache, na mbele yangu kulikuwa na chuo. Nimeyaeleza kwa sababu mzee wa Kinole hakuwa na chuo mbele yake, na kwa sababu mtu mwingine bila shaka alilala katika kontena lile usiku uliofuata kuondoka kwangu. Sasa na tuwasikilize wapinzani, maana hoja isiyopingwa haijajulikana nguvu yake.

Mpinzani wa kwanza husema: mlinzi hafanyi kitu, hukaa tu. Huyu amekosea maana ya kazi. Anadhani kazi ni mwendo wa mikono. Lakini mwenye mali hanunui mikono ya mlinzi. Anunua uangalifu wake, na uangalifu huchosha kuliko jembe, kwa kuwa jembe huwekwa chini. Tarehe 10 Agosti 2019, hapo hapo Msamvu, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Siwahukumu marehemu, Mungu awarehemu; wala sisemi kwamba mlinzi yeyote angaliuzuia msiba ule, kwa kuwa ulitokea njiani, si langoni. Nasema tu kwamba tangu siku ile hapana mtu wa Morogoro aliye na ruhusa ya kusema ya kuwa kukesha karibu na petroli si kazi.

Mpinzani wa pili husema: lakini hukaa bure, halipi kodi. Nauliza: bure kwa nani? Kama kontena lingekuwa zawadi kwa mlinzi, lingeweza kuwekwa popote, hata upande wa pili wa barabara. Lakini liliwekwa hatua saba kutoka lango, mahali ambapo kishindo cha kirungu chafika. Zawadi huchaguliwa kwa haja ya anayepewa. Hili lilichaguliwa kwa haja ya mtoaji. Waswahili husema, akipenda, chongo huita kengeza. Mwenye yadi amependa kuliita makazi, nasi tumemsaidia kuliita hivyo. Jina lake la haki ni lindo la pili lisilo na mshahara.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Husema: alikubali; alitia sahihi kwa mkono wake. Naam, nilitia sahihi. Lakini tuulize ni nini kilichomleta kijana penye karatasi ile. Mji huu uliwahi kuahidiwa kazi za namna nyingine. Katika miaka ya 1970 kilijengwa hapa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa matumaini ya kutoa jozi milioni 4 kila mwaka. Hakikufikia hata kwa mbali kiasi hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimekwisha fungwa. Kiwanda kinapokufa, mshonaji huenda zake, mkata ngozi huenda zake, fundi wa mashine huenda zake. Abakiye ni mlinzi, maana ukuta na mabati huhitaji kulindwa hata kama hakuna kinachotengenezwa ndani yake. Mahali ambapo kazi ya kutengeneza imepungua na kazi ya kulinda imebaki, sahihi ya kijana haimwelezi vema. Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga. Na kupisha si kukubali.

Ndiyo maana sheria zikatungwa, ili mnyonge asiachiwe ajitetee kwa sahihi yake peke yake. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada zisizozidi 50 katika majuma manne, zilipwe kwa kiwango cha moja na nusu. Na tufanye hesabu. Lindo la saa 12 kwa siku 6 ni saa 72 kwa juma, yaani saa 288 kwa majuma manne. Sheria yaruhusu saa 180 za kawaida na 50 za ziada, jumla 230. Saa 58 zimesimama nje ya sheria kabla kontena halijapigwa kirungu hata mara moja. Hata tukitoa saa moja ya chakula kila siku, ambayo mlinzi aliye peke yake langoni haipati, zabaki saa 34. Usiku bado hatujauhesabu.

Tena iko sehemu katika sheria hiyo ambayo naiheshimu kama raia na kuipinga kama mtu aliyelala katika kontena. Sheria yampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Lakini yaruhusu yapunguzwe hadi saa 8, na moja ya hali inazozitaja ni kwamba mfanyakazi anaishi mahali pa kazi. Nafahamu nia yake: asiye na safari ya kurudi nyumbani ahitaji muda mchache zaidi. Lakini tazameni jinsi ilivyo hatari. Kule kukaa karibu na kazi, ambako kungepaswa kuwa sababu ya kumkinga zaidi, kumefanywa sababu ya kumpunguzia. Na hata hizo 8, kama ni mapumziko kweli, haziwezi kukatwa vipande. Aliyeamshwa saa 5, saa 8 na saa 10 hakupumzika saa 8, kama vile mtungi uliotobolewa mara tatu haukujazwa.

Mpinzani wa nne ametembea. Husema: hata katika nchi tajiri mambo ni hivyo hivyo. Ni kweli, nami namshukuru kwa kunisaidia. Katika maeneo ya visima vya mafuta huko Texas, Marekani, walinzi wa malango huishi hapo hapo katika nyumba za magurudumu, mara nyingi mume na mke, wakipokezana mchana na usiku, wakilipwa kwa siku wala si kwa saa. Idara ya Kazi ya nchi ile ilidai kampuni moja iwalipe walinzi wake kama waajiriwa. Mwaka 2013 mahakama ikaamua kwamba walinzi wale si waajiriwa bali ni wakandarasi wanaojitegemea, na Serikali ikashindwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jambo hili ni tunda la umaskini wa Tanzania, ambalo litaanguka lenyewe tukitajirika. Ni tunda la hila moja iliyo sawa kila mahali: mlaze mtu kazini, kisha mwambie yuko nyumbani. Iko tofauti moja, nayo si ndogo. Mlinzi wa Texas nyumba ni yake, ina jiko, na ina magurudumu. Akichoka aweza kuiondoa. Kichwa cha lori cha mwenzangu hakikuwa na tairi.

Mpinzani wa mwisho ni mwenye yadi mwenyewe, naye husema: nikiwalipa kwa saa zote nitafilisika. Lori moja lililokuwa likilala nyuma yangu lilibeba makumi ya maelfu ya lita. Yalikuwapo malori kumi na zaidi. Mtu aliyeweza kununua gari, tangi, tairi, bima na leseni, akaona ya kuwa kitu pekee kisichonunulika katika yadi yake ni usingizi wa mlinzi, hajafilisika, amezoea. Na ikiwa kweli biashara haiwezi kusimama ila kwa saa za watu zisizolipwa, basi mwenye kuisimamisha ni mlinzi, naye astahili kuitwa mshirika, apewe sehemu ya faida.

Milima hii inayotutazama ina kumbukumbu juu ya jambo hili. Wakati wa utawala wa Waingereza, Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru uliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi katika miteremko yao. Waliofanya mpango waliuona ni hisani, kwa kuwa udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Mwaka 1955 watu walikataa. Ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Zilikuwapo sababu nyingi, za siasa na za kilimo, lakini mojawapo ilikuwa hii: siku za mkulima zilitwaliwa kwa kazi asiyoichagua na asiyolipwa, akaambiwa kwamba ni kwa faida yake. Wajukuu wa watu wale ndio leo wanaoshuka kutoka Kinole, Matombo na Mgeta kuyalinda malango ya mjini. Itakuwa ajabu iwapo yale ambayo babu aliyakataa shambani kwa mkoloni, mjukuu atayapokea langoni kwa mwananchi mwenzake, kwa sababu tu yameitwa bahati.

Basi nini kifanyike? Nataka mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, mlinzi anayetakiwa kulala mahali pa kazi ahesabiwe yuko kazini. Na asiyehesabiwa hivyo awe na haki ya kuondoka akalale atakapo, asiulizwe. La pili, kila anapoamshwa aandikwe. Daftari lililo na nafasi ya namba ya tela na namba ya lakiri laweza kupata nafasi ya jina la mtu na saa aliyotolewa kitandani. La tatu latuhusu sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili. Sheria ile ya mwaka 2004 ilitungwa kwa Kiingereza, na mlinzi wa lango halali katika Kiingereza. Tumeandika kurasa nyingi juu ya vina na mizani, na ni vema; lakini vifungu vya saa za kazi na mapumziko, vilivyoelezwa kwa Kiswahili safi katika karatasi moja na kubandikwa ndani ya kibanda cha lango, vingekuwa kazi ya fasihi yenye wasomaji wengi kuliko makala haya. Ni nani atakayeifanya, kama si idara za lugha?

Najua atakuwapo msomaji atakayesema kwamba mambo haya si ya jarida la wasomi. Namwomba jambo moja tu. Jioni hii, utakapotoka maktaba, utapita langoni. Pale atakuwapo mtu mwenye koti zito na daftari, ambaye umempita mara nyingi pasipo kulijua jina lake. Mwamkie kama umri wake unavyotaka. Kisha umwulize kama mjomba alivyoniuliza mimi, kazi yake huisha saa ngapi, na ungoje mpaka ajibu.